Madaftari ya tafakuri ya siku 90: kurasa zinazofaa na zile za pambo tu

Daftari la siku 90 lenye maswali yaliyochapwa tayari limekuwa bidhaa ya kawaida kwenye maduka ya vifaa vya kuandikia na kwenye maduka ya mtandaoni. Majina na rangi za jalada hutofautiana, lakini ukiyafungua unakuta mpangilio uleule: sehemu ya asubuhi, sehemu ya jioni, jedwali la tabia, mchoro wa duara wa kupima maisha, na ukurasa wa kufunga wiki. Ahadi yake ni moja pia: uwiano, furaha na kukua kama mtu. Humu tunalipitia kipande kwa kipande, kwa sababu ubora wake haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari mdogo wa jioni unaouliza sababu, na ukurasa wa wiki, vinastahili pesa unayotoa. Sehemu kubwa iliyobaki inamchosha mwandishi, na ndiyo inayomfanya aliache daftari katikati.

Umbo lake

Tuanze na hesabu. Kurasa mbili kwa siku kwa siku 90 ni kurasa 180. Kurasa mbili za kila wiki kwa wiki 13 ni 26. Ukiongeza kurasa 14 za malengo na maelezo unapata 220, yaani karatasi 110. Karatasi moja ya A5 (milimita 148 kwa 210) ya gramu 100 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 3.1, kwa hiyo karatasi peke yake zinafika gramu 340 hivi kabla ya jalada. Ukishika daftari la siku 90 ukaliona jepesi sana, ama siku nzima imewekwa kwenye ukurasa mmoja, ama karatasi ni nyembamba. La kwanza ni jambo jema kabisa, na baadaye utaona kwa nini. La pili ni tatizo.

Karatasi ya gramu 80 inatosha kwa kalamu ya kawaida yenye wino mzito. Ukitumia kalamu ya jeli, maandishi yanaonekana upande wa pili, na kalamu ya kupigia mstari wa rangi inapenya. Kwenye daftari la orodha za manunuzi hilo halina uzito. Hapa lina uzito, kwa kuwa kazi yote ya daftari hili inategemea kusomwa tena mwisho wa wiki, na ukurasa wenye vivuli vya maandishi ya nyuma hausomwi kwa raha. Gramu 100 ndicho kiwango ninachopendekeza.

Mgongo upimwe dukani kabla ya kulipa. Fungua katikati, laza juu ya meza, toa mikono. Likilala lenyewe, karatasi zimeshonwa kwa uzi mafungu kwa mafungu. Likijifunga, limebandikwa kwa gundi tu, na wewe utakuwa unalikandamiza kwa kiganja mara mbili kila siku, yaani mara 180 kabla halijaisha. Mgongo wa gundi hupasuka hapo hapo katikati, kisha karatasi zinaanza kuchomoka moja moja. Kwa anayenunua mtandaoni, picha ya daftari likiwa wazi katikati, bila mkono unaolishikilia, inasema mengi kuliko maelezo ya muuzaji. Kama picha hiyo haipo, muulize.

Utepe wa kualamisha uwe miwili, mmoja wa siku na mmoja wa wiki. Lastiki ya kufungia ni nzuri kwa anayelibeba kwenye mkoba. Jalada gumu ni la lazima kwa anayeandikia kitandani.

Tarehe zisiwe zimechapwa. Daftari lenye tarehe linageuza kila siku uliyokosa kuwa ukurasa mtupu unaokutazama, na mtu akishakuwa na kurasa tano tupu mfululizo haoni tena sababu ya kurudi. Lisilo na tarehe linakuruhusu kuruka siku na kuendelea pale ulipoishia, bila deni.

Ukurasa wa asubuhi

Karibu madaftari yote huanza na "mambo matatu unayoshukuru leo". Hapa ndipo watengenezaji wamechukua jambo lenye ukweli wakalizidishia kipimo. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti wao wa mwaka 2003, waliwapa watu kazi ya kuandika hadi mambo matano ya kushukuru mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Watu hao waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi kuliko wenzao walioandika kero. Sonja Lyubomirsky na wenzake walipolinganisha walioandika mara moja kwa wiki na walioandika mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita, waliopata ongezeko la furaha walikuwa wale wa mara moja.

Sababu yake inaonekana wazi kwenye daftari lolote lililotumika kwa muda. Siku ya kwanza mtu anaandika "afya, familia, kazi". Siku ya nne anaandika yale yale. Siku ya kumi mkono unaandika na akili iko kwingine. Shukrani imekuwa sahihi ya mahudhurio.

Kwa hiyo usijaze nafasi hiyo kila siku hata kama imechapwa kila siku. Chagua asubuhi moja au mbili kwa wiki, na uandike jambo moja badala ya matatu, ukilieleza kwa undani kiasi kwamba lisingeweza kuandikwa siku nyingine. "Nashukuru kwa familia" halikufundishi kitu. "Mama alinipigia akakaa kimya akinisikiliza mpaka nikamaliza, hakukimbilia kunishauri" linakuonyesha unachokithamini, na linakuambia nawe umfanyie nani vivyo hivyo. Mbinu nyingine inayofanya kazi vizuri ni kuondoa: chagua kitu kimoja ulicho nacho, uandike siku ya leo ingekuwaje kama kisingekuwepo. Akili iliyozoea kitu huamka ikifikiri kukikosa.

Sehemu ya pili ya asubuhi ni "mambo matatu muhimu ya leo". Kasoro yake ni kwamba nafasi iliyoachwa inatosha jina la kazi tu: "Mazoezi". "Ripoti". "Kumpigia shangazi". Nia ya namna hiyo haina mahali pa kushikia. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali, kwa umbo la "ikitokea hivi, nitafanya hivi", hutekelezwa mara nyingi zaidi kuliko nia tupu. Andika: "Nikimaliza chakula cha mchana, nitatembea dakika 15 kabla ya kurudi mezani." Kama mistari haitoshi, acha mambo mawili uandike moja kwa ukamilifu. Madaftari machache yameacha mistari miwili kwa kila jambo, pamoja na kisanduku cha saa. Ukikutana na la aina hiyo, lipe alama ya ziada.

Ukurasa wa jioni, na mpangilio unaokosewa

Hapa pana hazina. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walijaribu mazoezi kadhaa ya kuongeza furaha. Moja lilikuwa hili: kila usiku kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kwa kila moja andika kwa nini yalikwenda vizuri. Manufaa yake yalionekana hata miezi sita baadaye, hasa kwa walioendelea kuandika kwa hiari yao baada ya wiki ile kuisha.

Zingatia nusu ya pili ya zoezi. Madaftari mengi yameiga nusu ya kwanza na kuitupa "kwa nini". Bila sababu, ukurasa unakuwa kumbukumbu ya matukio. Ukiweka sababu, unaanza kuona ni nini kinaleta siku nzuri na ni kiasi gani kiko mikononi mwako. "Nilicheka sana na wenzangu" ni habari. "Nilicheka sana na wenzangu, kwa sababu niliacha simu mezani nikaenda kula nao" ni maelekezo unayoweza kuyarudia kesho. Kabla ya kununua, hesabu mistari kwenye ukurasa wa jioni: kila jambo linahitaji miwili, na nafasi kati ya mistari iwe milimita 7. Ya milimita 5 inabana mwandiko wa watu wengi, na anayebanwa hufupisha, na kinachofupishwa kwanza ni sababu.

Kuna kosa la mpangilio ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Madaftari haya huweka orodha ya kazi asubuhi na tathmini ya siku usiku wa manane, kitandani. Mwaka 2018, Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor nchini Marekani na wenzake waliwaandikisha watu wazima 57 kwa dakika tano kabla ya kulala: kundi moja liliandika kazi zinazowasubiri siku zijazo, lingine kazi walizokwisha kumaliza. Walioandika kazi zinazokuja walipata usingizi mapema zaidi, kwa tofauti ya kama dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo mahususi zaidi ndivyo walivyolala upesi zaidi. Kazi ambayo haijaandikwa hubaki ikizunguka kichwani. Ikishakuwa kwenye karatasi, kichwa kinaiachia.

Kwa hiyo panga upya. Mambo mazuri na sababu zake yaandikwe mapema, mara baada ya chakula cha jioni. Kitu cha mwisho kabla ya kuzima taa kiwe orodha ya kesho, hata kama daftari limekichapa kwenye ukurasa wa asubuhi. Andika kwenye ukurasa wa kesho yake, hakuna anayekukataza. Mabadiliko haya peke yake yana faida kuliko nusu ya vipengele vilivyochapwa.

Jedwali la tabia

Jedwali la kawaida lina safu 10 za tabia na visanduku 31. Kumi ni nyingi mno. Mtu anajaza zote siku ya kwanza kwa shauku: maji, mazoezi, kusoma, kulala mapema, kutotumia sukari, na kuendelea. Wiki ya pili jedwali lina mapengo kila upande, na anachokiona ni kushindwa.

Tumia safu tatu, uzifunike nyingine kwa karatasi ya kubandika. Kila tabia iandikwe kwa kipimo chake cha chini kabisa: "kurasa 2" badala ya "kusoma", "dakika 10 nje" badala ya "mazoezi". Ifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, kama baada ya kupiga mswaki au baada ya kifungua kinywa. Ukifanya nusu, piga mstari mmoja wa mshazari; ukikamilisha, piga wa pili ukatize. Alama ya nusu inaokoa siku ngumu.

Kuhusu muda: daftari linalokuahidi tabia mpya kwa siku 21 liache rafuni. Phillippa Lally na wenzake, wa University College London, waliwafuatilia watu 96 waliochagua tabia moja kila mmoja. Muda wa kati wa tabia kuwa ya kujiendea yenyewe ulikuwa siku 66, lakini mtu mmoja mmoja alitofautiana na mwingine kutoka siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mwenendo. Siku 90 basi ni urefu wa busara, na kuandika "usivunje mnyororo" juu ya jedwali, kama madaftari mengine yanavyofanya, ni kumtia mtu hofu isiyo na sababu.

Gurudumu la maisha na saa 168

Duara lenye vipande vinane (afya, pesa, kazi, mahusiano, mapumziko, imani, makazi, kujiendeleza) unalijaza kwa alama kutoka 0 hadi 10. Linapendeza kulitazama. Tatizo ni kwamba linamfanya mtu aamini uwiano ni duara lisilo na mabonde, wakati mzazi mwenye mtoto mchanga au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana haki kabisa ya kuwa na kipande kimoja kirefu na kingine kifupi kwa msimu. Pia alama 6 ya leo na alama 6 ya mwezi ujao si lazima zimaanishe kitu kimoja.

Ukitaka likufae, kando ya kila alama andika sentensi moja ya sababu, na andika pia "ingekuwa juu kwa alama moja kama..." Alama moja tu. Kisha chagua kipande kimoja cha kushughulikia, na usikimbilie kilicho chini kabisa. Tafuta kile kinachovuta vingine. Mara nyingi ni usingizi, ambao kwa bahati mbaya haumo kwenye vipande vinane vya kawaida. Lijaze mara tatu tu: mwanzoni, siku ya 45 na mwishoni.

Madaftari machache yana ukurasa wa saa za wiki, na hayo nayapenda zaidi. Wiki ina saa 168. Toa 56 za kulala, 45 za kazi, 10 za kwenda na kurudi, na 21 za kula, kupika na kuoga. Zinabaki 36. Ukitumia saa tatu za simu kila siku, zinabaki 15. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba malengo aliyoyaandika ukurasa wa tatu yanahitaji saa 25, na kwamba uchovu wake hautokani na uvivu. Kama daftari lako halina ukurasa huu, uchore mwenyewe kabla ya kuandika lengo lolote.

Ukurasa wa wiki

Huu ndio moyo wa daftari, na ndio unaorukwa zaidi, kwa sababu unaangukia mwisho wa wiki ukiwa na maswali kumi. Matatu yanatosha. Tenga dakika 20 hadi 30, chukua kalamu ya rangi nyingine, usome siku zote saba bila kuandika kitu. Kwenye usomaji wa pili, zungushia duara watu, mahali na shughuli zinazojirudia. Weka jumlisha pale palipokuongezea nguvu na kutoa pale palipokupunguzia.

Chukua mfano wa wiki iliyoandikwa vizuri. Jumatatu: hali ya moyo 5 kwa 10, usingizi wa saa 5, "kikao kilirefuka, sikula mchana". Jumanne: 7, usingizi wa saa 7, "nilitembea na dada, kwa sababu nilizima kompyuta saa 11 jioni". Alhamisi: 4, usingizi wa saa 5, "nimemjibu mtoto vibaya". Jumamosi: 8, usingizi wa saa 8, "nilifua taratibu nikisikiliza redio, kwa sababu sikumwahidi mtu chochote asubuhi". Ukizisoma siku moja moja, hizi ni habari nne tofauti. Zikiwa pamoja zinasema mambo mawili: usingizi wa saa 5 umetangulia siku zote mbili mbaya, na siku zote mbili nzuri zilianzia kwenye mpaka uliowekwa kabla, kuzima kompyuta au kutokuahidi. Uamuzi wa wiki inayofuata ni mwepesi: kompyuta izimwe saa 11 Jumatatu na Jumatano pia, na Jumamosi asubuhi ibaki wazi. Kitu kimoja cha kuongeza, kimoja cha kupunguza, na vyote viingie kwenye kurasa za siku zake papo hapo.

Ndiyo maana alama ya hali ya moyo bila saa za usingizi na neno moja la sababu haina kazi. Daftari lenye sura tano za kupaka rangi, za furaha na huzuni, linakupa mwezi mzima wa rangi usioweza kuusoma.

Yasiyo ya lazima, na tahadhari moja

Semi za kutia moyo juu ya kila ukurasa zinakula nafasi ambayo mstari wa sababu ungeihitaji, na nyingi zimepachikwa majina ya watu wasiozisema. Stika ni hiari yako. Kurasa tupu nyuma ya daftari, angalau 10, ni za thamani kuliko vyote hivyo, kwa kuwa kuna siku ambazo visanduku havitoshi.

Kwa siku hizo kuna mwongozo unaojulikana: James Pennebaker na Sandra Beall, mwaka 1986, waliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza, bila kujali tahajia wala mpangilio. Watu wengi hujisikia wazito mara tu baada ya kuandika. Hilo hutarajiwa, na hupungua. Ukiona unaandika sentensi zilezile siku baada ya siku na uzito unaongezeka, simamisha zoezi, uzungumze na mtu unayemwamini. Na kurasa zikionyesha huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, hapo daftari limefika mwisho wa uwezo wake. Nenda kwa mhudumu wa afya, na kurasa hizo uende nazo, zitamsaidia kukuelewa haraka.

Programu za simu zinafanya kazi ileile na zina nywila, jambo la maana kwa anayeishi na watu wengi. Kagua kabla ya kulipia kama maandishi yako yanaweza kutolewa nje kama faili la kawaida. Kama hayawezi, siku ukiacha kulipa ada huenda usiyafikie tena. Na ukiandikia kwenye simu, zima arifa kwanza.

Ununue au usinunue?

Nunua kama kuanza na ukurasa mweupe kunakukwamisha, na kama umepata lenye karatasi ya gramu 100, mgongo wa uzi, lisilo na tarehe, lenye ukurasa mmoja kwa siku, mistari miwili kwa kila jambo la jioni, na ukurasa wa wiki wenye maswali machache. Ukurasa mmoja unajazwa kwa dakika tano hadi saba. Kurasa mbili zinadai robo saa, na robo saa ndiyo inayokosekana kwanza kila siku inapokuwa ngumu.

Kama madaftari yaliyopo yanakosa mawili au matatu kati ya hayo, chukua daftari la kawaida lenye mistari ya milimita 7 na karatasi 60 au zaidi. Ukurasa wa kwanza: saa 168. Wa pili: tabia tatu. Kila siku, juu andika tarehe, saa za usingizi na hali. Katikati mambo matatu na "kwa sababu". Chini kabisa kazi za kesho. Kila baada ya kurasa saba, ukurasa mmoja wa wiki. Kwa siku 90 hiyo inakuwa kurasa 105 pamoja na mbili za mwanzo, na zinabaki angalau 15 nyuma kwa ajili ya zile siku nzito.